Potasiamu Ikipungua Kidogo Katika Damu

Wasomaji wenzangu, katika somo la kemia twakariri kwamba alama ya potasiamu ni K. Herufi hiyo yatokana na neno "kalium", ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lihusulo majivu ya mimea. Mwaka 1807 Humphry Davy wa Uingereza alipitisha umeme katika hidroksidi ya potasiamu iliyoyeyushwa, akaipata potasiamu yenyewe. Lakini hapa nataka kueleza potasiamu iliyomo mwilini, maana wazee wetu wa Musoma, Bunda na Butiama hurudi na karatasi za maabara, nasi tusomao ndio tuulizwao.

Kiasi cha kawaida kwa mtu mzima ni milimoli 3.5 hadi 5.0 katika lita moja ya majimaji ya damu. Kikiwa 3.0 hadi 3.4, imepungua kidogo. Kikiwa chini ya 2.5, hatari ni kubwa. Sasa, kwa nini kipunguo kidogo kijaliwe? Kwa sababu karibu sehemu 98 katika 100 za potasiamu zimo ndani ya seli, na damu ina sehemu ndogo sana. Ni kama pishi moja la mtama lililoletwa sokoni: huliona pishi, ghala hulioni. Tofauti kati ya ndani na nje ya seli ndiyo iwezeshayo neva, misuli na moyo kufanya kazi.

Ni nadra upungufu huu kuletwa na chakula peke yake. Mara nyingi huletwa na kuhara, kutapika, au dawa za kuongeza mkojo wapewazo wenye shinikizo la damu.

Mama yangu mkubwa wa Butiama humeza dawa hizo. Alipopimwa Musoma, ikaandikwa 3.3, naye hakusikia maumivu yoyote. Ndugu wa Bunda wakagawanyika: huyu asema aache dawa, yule asema anunue vidonge vya potasiamu dukani. Nikawaambia kwamba njia zote mbili zina hatari. Akiacha dawa ghafla, shinikizo laweza kupanda hata apooze. Akimeza potasiamu ovyo, hasa kama figo zake ni dhaifu, yaweza kuzidi na kuusimamisha moyo. Tukamrudisha kwa daktari. Akampima figo na moyo, akapunguza kiasi cha dawa, akaagiza damu ipimwe tena.

Chakula nacho chasaidia: maharage, viazi vitamu, mchicha, samaki na maziwa. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina miligramu 400 hivi, lakini Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate zisizopungua 3,510 kwa siku; kwa hiyo ndizi moja haitoshi. Mwenye kuhara apewe dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, kwani ina potasiamu; maji ya chumvi na sukari ya nyumbani hayana.

Basi tukiletewa karatasi, tusiogope wala tusidharau. Tuulize: Je, amehara? Ameza dawa gani? Figo zake zikoje? Kisha tumpeleke kwa mganga wa hospitali pamoja na majibu hayo.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini damu haionyeshi potasiamu yote ya mwili?
2. Seli za damu zikipasuka ndani ya chupa ya maabara, kipimo kitapanda au kitashuka? Eleza.