Muuguzi na tawi lake: pa kuanzia

Anza na slipu yako ya mshahara. Shuka mpaka kwenye makato utafute jina la chama cha wafanyakazi. Wauguzi wengi wa hospitali za serikali Tanzania hukuta TUGHE. Walio chini ya halmashauri, kwenye zahanati na vituo vya afya, huenda wakakuta TALGWU. Ukiona makato na hukumbuki kujaza fomu yoyote, usikimbilie kusema umeibiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakiruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa kuwa mkataba unaojadiliwa na chama unamnufaisha na yeye. Lakini ada hiyo haikupi kura. Unalipa, wengine wanachagua. Ukitaka kuwa mwanachama, mwombe katibu wa tawi fomu TUF 6, ijaze, na ubaki na nakala yenye tarehe.

Wapo pia wanaopeleka kilio mahali pasipohusika. Baraza la Uuguzi na Ukunga linakusajili na kukupa leseni. TANNA ni chama cha taaluma, kinashughulikia hadhi na maendeleo ya uuguzi. Mshahara, posho, saa za kazi na nidhamu ni mambo ya chama cha wafanyakazi, na mlango wake wa kwanza ni tawi lililopo hapo hapo hospitalini.

Kuna jambo ambalo muuguzi anayeingia tawini lazima alielewe mapema. Sheria hiyo hiyo imeweka huduma za afya na maabara zake katika orodha ya huduma muhimu, kwa hiyo kwetu mgomo umefungwa labda pawe na makubaliano ya kubakiza huduma za lazima. Sioni hilo kama sababu ya kukata tamaa. Maana yake ni kwamba nguvu ya tawi la hospitali imo katika mahudhurio na maandishi: nani alikuwepo, nini kilisemwa, barua ipi ilipokelewa na kugongwa muhuri siku gani. Tawi lenye kelele na lisilo na faili mwajiri analimaliza kwa ahadi moja.

Mahudhurio ndiyo yanayotushinda wauguzi. Mkutano unaitwa saa 8 mchana. Wa zamu ya asubuhi bado hajakabidhi wagonjwa, wa jioni ndiyo anaingia, wa usiku amelala. Wanaobaki kuhudhuria ni watumishi wa ofisini, nao wanazungumzia yanayowahusu, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. TUGHE ni chama cha watumishi mchanganyiko: madaktari, wataalamu wa maabara, makarani, madereva. Wauguzi wasipokuwepo, hoja zao hazitasemwa na mtu mwingine. Kwa hiyo ombi lako la kwanza kwa katibu liwe hili: mkutano ufanyike kwa vikao viwili vyenye ajenda moja, kimoja mara baada ya zamu ya asubuhi kukabidhi, kingine siku inayofuata kwa waliokosa, na muhtasari wa vyote viwili uwekwe pamoja. Ikishindikana, kila wodi imtume mtu mmoja, na inchaji aombwe kwa maandishi amwachie nafasi kwenye rosta tangu inapopangwa. Kumwomba asubuhi ya mkutano ni kumwonea. Wagonjwa wapo na watu ni wachache.

Nakushauri pia uombe kazi ya kuandika muhtasari. Wengi wanaikwepa, na anayeifanya vizuri hujua kila jambo la tawi ndani ya miezi michache. Andika azimio, jina la mwenye jukumu na tarehe ya mwisho. Mkutano unaofuata ufunguliwe kwa kusoma hayo matatu.

Hoja yenyewe itoke kwenye rosta. "Tumechoka" haijibiwi na uongozi wa hospitali, kwa sababu haina pa kushikwa. Kusanya rosta za miezi mitatu ya wodi yako, hesabu idadi ya wauguzi kwa kila zamu ya usiku na saa za kila mtu kwa wiki, kisha ulinganishe na sheria. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Usiku, kwa maana ya sheria, ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Hili la mwisho lichunguzeni kwa makini, maana kwenye wodi yenye upungufu ndilo linalovunjwa kimyakimya, na mwenyewe huona haya kuwatwisha wenzake zamu zake. Tawi likilisema kwa niaba yake, haonekani mvivu. Majina ya wagonjwa na mafaili yao yasiguswe hata kidogo katika ushahidi wenu, rosta inatosha.

Ukishazoeleka, utaombwa kuwa mwakilishi. Sheria inaruhusu mwakilishi 1 panapokuwa na wanachama hadi 9, watatu kwa wanachama 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na 15 wakizidi mia. Hapo wanapozidi mia, angalau watano wawe kwa ajili ya wanawake. Hesabuni nafasi zenu kabla ya uchaguzi, na mhakikishe wodi za wazazi na watoto zina mtu.

Kazi nzito ya mwakilishi ni kukaa karibu na mwenzake aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwambie asiandike maelezo akiwa na hasira, usiku huo huo. Aliyeachishwa kazi hospitali binafsi ana siku 30 tu kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize njia za rufaa za utumishi wa umma. Kosa la njia au la siku linaweza kumpotezea haki mtu ambaye hakukosea kitu.

Mwisho, muulize katibu baraza la wafanyakazi linakaa lini kujadili bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, hivyo hoja ya posho ya sare au malimbikizo ikipelekwa Agosti imeshachelewa. Kaeni wodini mapema, andikeni kiasi kinachodaiwa na idadi ya wanaodai, mpelekeeni katibu nakala mbili, moja irudi kwenu ikiwa na saini ya aliyepokea.