Supu ya Bibi Inatoa Hangova Kweli?

Desemba iliyopita nilikuwa Gitting, chini ya Mlima Hanang, kwenye harusi ya binamu yangu. Pombe ya asali ilikuwa ya kumwaga, na mimi sikujua kusema basi. Asubuhi kichwa kinagonga, tumbo linachafuka. Bibi akaniletea bakuli la supu ya mbuzi iliyochemshwa na magome, chungu balaa. "Kunywa, mjukuu wangu, itakutoka." Nikanywa, nikalala. Saa nane mchana nilikuwa mzima.

Sasa swali la mwanafunzi wa ualimu: kilichonitibu ni nini hasa?

Tuanze na tatizo lenyewe. Ini huvunja pombe kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha huigeuza kuwa asetati. Pombe pia huzuia homoni inayosaidia figo kubakiza maji, ndiyo maana unakojoa sana na kuamka na kiu. Ongeza usingizi mbovu. Mengi ya haya huisha yenyewe, ukipewa muda.

Rudi kwenye bakuli. Mlikuwa na maji, chumvi, nyama na magome, halafu nikalala. Kuyasifu magome peke yake ni sawa na mwalimu aliyebadili kitabu, ratiba na chakula cha mchana, darasa likafaulu, akasema ni kitabu. Ili kujua, wape wengine supu yenye magome na wengine isiyo nayo, kisha linganisha.

Watafiti wamefanya hivyo kwa dawa nyingine. Mapitio yaliyotoka mwaka 2022 katika jarida la Addiction yalikusanya majaribio 21. Dondoo la karafuu lilionyesha dalili njema, lakini ushahidi wote ulikuwa dhaifu mno. Kwa hiyo tusimwite Bibi mwongo, ila tusitangaze tiba pia.

Lakini wenzangu, hapa hakuna utani. Gongo inaweza kuwa na methanoli. Ikiwa saa kadhaa baada ya kunywa mwenzako anaona ukungu, anapumua kwa shida au anachanganyikiwa, hiyo si hangova. Usimpikie supu, usimwache "alale itaisha". Mkimbizeni hospitali. Methanoli hupofusha na kuua, na kila saa mnayosubiri magome yafanye kazi ni saa anayoipoteza yeye.

Likizo ijayo nitamwomba Bibi supu bila magome, nilinganishe. Ila safari hii, nitainywa bila hangova.