Kufundisha Hatua Pamoja na Sababu: Mfano wa Injini Iliyofurika Petroli

Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha hatua nyingi: za hesabu, za kilimo, za usafi. Hatua zikikaririwa bila sababu, mwanafunzi hukwama mara hali inapobadilika. Makala haya yanaonyesha njia nyingine, kwa mfano wa gari la gia za mkono lenye kabureta, lililokataa kuwaka kwa kuzidiwa na petroli. Somo lafaa madarasa ya juu, baada ya mada ya moto.

Shabaha: Mwanafunzi aeleze kwa nini mafuta mengi huzuia moto, na kwa nini kusukuma gari huweza kuwasha injini.

Zana: Mafiga, kuni na baiskeli.

Hatua ya kwanza. Shindilia kuni mafigani mpaka moto ufifie na kutoa moshi. Ondoa baadhi, moto utainuka. Waache wanafunzi wataje sababu wenyewe. Ndipo uwaeleze kuwa petroli huhitaji hewa takriban mara 15 ya uzito wake ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi, hewa haitoshi, na plagi zikilowa cheche hudhoofu au hukosekana.

Hatua ya pili. Rudisha baiskeli kinyumenyume. Pedali huzunguka pasipo kukanyagwa, kwa kuwa gurudumu huvuta mnyororo. Vivyo hivyo, gia ikiwa imeingizwa na klachi imeachiwa, magurudumu ya gari huzungusha injini.

Hatua ya tatu. Andika ubaoni yafuatayo, na kwa kila mstari uulize, "Kwa nini?"

1. Ondoa choki, fungua swichi.
2. Kanyaga klachi, ingiza gia ya pili. Gia ya kwanza huyakaba mno magurudumu.
3. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na kuishikilia hapo, bila kupampu, ili hewa nyingi iingie.
4. Gari likisukumwa hadi mwendo wa mtu anayekimbia polepole, achia klachi upesi.
5. Injini ikishika, kanyaga klachi tena na kuachia mafuta mara moja.

Tahadhari. Somo hili ni la darasani. Watoto wasisukumishwe gari kamwe, hata likiwa la mwalimu mkuu: gari hushtuka klachi inapoachiwa, na anayesukuma huweza kuanguka. Wanafunzi wajue pia kwamba penye harufu ya petroli hapawashwi moto, na kwamba gari la gia za otomatiki haliwashwi kwa njia hii.

Upimaji. Usiwaulize hatua ya tatu ni ipi. Uliza hivi: "Dereva anapampu mafuta huku gari likisukumwa. Kutatokea nini?" Aliyekariri atatazama ubaoni, aliyeelewa atakumbuka mafiga yaliyoshindiliwa kuni. Jibu likiwa dhaifu kwa wengi, mwalimu airudie hatua ya kwanza kabla ya kuendelea.