Somo: Kutega mchwa na kufuga funza kwa ajili ya vifaranga

Katika bonde la Ruzizi familia nyingi zinafuga kuku wa kienyeji. Kuku mkubwa anajitafutia wadudu. Kifaranga hawezi bado, na ni katika wiki 8 za kwanza ndipo anahitaji protini nyingi kwa nyama na manyoya. Tukimupa pumba za mpunga peke yake, anashiba lakini hakui, na ugonjwa kidogo unamumaliza. Ndagala zinasaidia, lakini ni mboga ya watoto wetu pia. Kwa hiyo tuanze na wadudu walio karibu na nyumba.

1. Kutega mchwa
- Tafuta njia ya mchwa chini ya majani makavu au karibu na kichuguu. Kwaruza udongo kidogo ili njia ifunguke.
- Jaza chungu cha zamani kwa mabua ya mahindi na majani makavu, mwagia maji kidogo, kisha kifunike juu ya ile njia, mdomo ukiangalia chini.
- Weka kivuli juu. Tega jioni, angalia asubuhi. Kama ni wachache, acha siku 1 tena.
- Kung'uta mbele ya vifaranga palepale, mbele mchwa hawajafa.
Usichimbe kichuguu mpaka kwa malkia. Malkia akikufa, umemaliza ghala yako.

2. Kufuga funza
Mchwa wanapungua wakati wa kiangazi, kwa hiyo tufuge pia. Tunatafuta nzi mweusi, mrefu, anayefanana na nyigu. Hang'ati, wala hafuati chakula cha watu kama nzi wa nyumbani.
- Kata bidoni, toboa matundu madogo chini, weka kivulini mahali ambapo mvua na kuku hawafiki.
- Tia matunda yaliyooza, maganda ya ndizi na pumba. Vilowe kama nguo iliyokamuliwa, bila maji kusimama.
- Funga pamoja vipande vya karatoni ngumu, uviweke juu bila kugusa uchafu. Nzi anataga mu nafasi za ile karatoni.
- Mayai yanaanguliwa kisha siku 4 hivi. Ongeza chakula kidogo kila siku. Ukiona nzi wa nyumbani wanajaa, uchafu umelowa sana: ongeza pumba kavu.
- Kisha wiki 2 au 3 funza wanakuwa wanene. Wakianza kuwa weusi wanatoka wenyewe kutafuta pakavu. Wawekee ubao ulioinama na ndoo chini yake.
- Acha sehemu 1 kwa 10 mu sanduku lenye udongo mkavu wageuke nzi. Hiyo ndiyo mbegu.
Uchafu unaobaki ni mbolea ya bustani.

3. Kulisha
Funza waliokaushwa wana protini karibu gramu 400 kwa kilo 1. Hata hivyo wasiwe chakula chote: changanya na mahindi na pumba, na maji safi yasikosekane. Ili kuwahifadhi, chovya funza mu maji ya moto dakika 2, halafu anika juani mpaka wakauke kabisa.

4. Hatari
Mdudu anabeba kile alichokula. Usiokote panzi mu shamba la nyanya au pamba lililopulizwa dawa, wala mchwa wa kichuguu kilichomwagiwa sumu. Uliza kwanza mwenye shamba. Pia usifuge funza mu mzoga: sumu ya nyama iliyooza inalegeza shingo ya kuku, na anaweza kufa. Kifaranga bila funza anachelewa kukua. Kifaranga aliyekula sumu amepotea.

Maswali ya kuzungumza mu kikundi
1. Nani kati ya majirani anapuliza dawa, na siku gani?
2. Uchafu gani wa jikoni au wa soko tunautupa bure?
3. Tulinganishe: vifaranga 5 wapate wadudu, 5 wasipate, tuwapime kila wiki. Nani atashika mizani?