Usifunge Bati kwa Shaba

Mkulima hununua bati jipya akitumaini litamfaa miaka mingi. Kabla ya muda mrefu huona kutu imezunguka msumari, au tangi limetoboka karibu na bilula, hali mahali pengine pote ni pazima. Hapo hulaumu bati. Lakini mara nyingi kosa si la bati, ni la kitu kilicholifunga.

Sababu yake ni hii. Madini ya namna mbili yakigusana na kupata maji, umeme mdogo hupita baina yao, kama katika betri ya tochi. Moja huliwa, jingine husalimika. Yapange hivi, ukianza na lile linaloliwa upesi: zinki, aluminiamu, chuma, risasi, shaba, na mwisho kaboni. Kadiri mawili yalivyo mbali katika orodha hii, ndivyo hatari inavyozidi. Maji ya chumvi huzidisha madhara. Kwa hiyo watu wa Pwani wajihadhari zaidi.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao HMS Alarm kwa mabamba ya shaba, wakitumia misumari ya chuma. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari mingi ilikuwa imeliwa. Lakini pale karatasi iliyofungiwa shaba ilipobaki katikati, chuma kilikuwa kizima. Karatasi tu iliokoa chuma!

Hata leo mafundi hufuata somo hilo. Ndege za Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu na vitu vingine vya jinsi hiyo. Kaboni hula aluminiamu. Kwa hiyo hufungwa kwa titaniamu, ambayo hailiki upesi, na nyuzi za kioo huwekwa katikati ili visigusane.

Wewe nawe fanya hivi:

1. Pigilia bati kwa misumari iliyopakwa zinki, yenye washa za mpira. Kifungio ni kidogo na bati ni kubwa. Kikiwa cha madini dhaifu kuliko bati, kitaliwa upesi sana.

2. Usikaze bati wala tangi kwa waya wa shaba.

3. Bilula ya shaba isiguse tangi la bati. Tumia kiungo cha plastiki na mpira pande zote mbili.

4. Maji yaliyopita katika bomba la shaba yasiingie katika tangi la bati.

5. Mrututu wa kunyunyizia kahawa una shaba ndani yake. Usiukoroge katika ndoo ya bati. Tumia ya plastiki.

6. Fundi asichore bati kwa penseli, kwani ndani yake mna kaboni. Atumie kalamu ya wino.

Ukitaka kuhakikisha, twaa misumari miwili mipya ya chuma kisichopakwa zinki. Mmoja uzungushie waya wa shaba ulio wazi. Tia kila mmoja katika gilasi yake ya maji yenye kijiko cha chumvi, uiache siku chache. Waite watoto watazame msumari upi umeliwa zaidi. Kisha chukua ngazi, ukatazame vifungio vya paa na tangi lako kabla mvua hazijaanza.