Vita vya Uchumi vya Idi Amin Vilimwachia Nini Mfanyakazi?

Agosti 1972 Jenerali Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wafungashe virago, na kampeni hiyo akaiita vita vya uchumi. Tulimuuliza mwalimu wa historia ya uchumi yaliyompata mfanyakazi wa kawaida.

Mwalimu, wapo wanaosema hadi leo kwamba Amin aliwarudishia wananchi uchumi wao.

Baadhi yao walipata maduka, hilo ni kweli. Biashara, viwanda na mashamba zaidi ya 5,000 vilibadilisha mikono, na waliofaidi zaidi ni askari na watu wao, ambao mtaani waliitwa mafuta mingi. Kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo cha mwenye duka mpya aliyeuza shati kwa bei aliyoisoma kwenye kola, kumbe ile namba ni saizi ya shingo. Watu hucheka. Mimi humfikiria yule muuzaji Mwafrika aliyezoea duka lile, anayejua bei na wateja wa mkopo, ila hana ndugu jeshini. Duka hakupewa, na bidhaa zilipokwisha bila kuagizwa nyingine, kazi nayo ikaisha.

Ni kazi zipi zilizopotea kwanza?

Za majumbani: mayaya, wapishi, madereva. Hizo zilikwenda na matajiri wao ndani ya ile miezi mitatu. Wakafuata mafundi cherehani wa barazani. Viwandani ilichukua muda zaidi. Chukua kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, cha kina Madhvani, familia ya Kiasia. Muwa ukishakatwa unatakiwa kusagwa upesi, la sivyo sukari yake inapungua. Kinu kikiharibika, na vipuri havipatikani kwa kuwa fedha za kigeni zimekwenda jeshini, anayekaa bure si fundi wa kinu peke yake. Mkataji, dereva wa trekta na mpalizi nao hawana la kufanya. Mwaka 1970 Uganda ilizalisha zaidi ya tani 140,000 za sukari. Kufikia 1980 uzalishaji ulikuwa karibu umekufa.

Na waliobaki na kazi?

Mishahara ilidumaa, bei zikapaa. Sabuni, chumvi na sukari zikawa vitu vya foleni. Mtu alisaini daftari la mahudhurio asubuhi, kisha akaondoka kwenda kwenye magendo yake, kwa sababu huko ndiko kulikomlisha. Mkulima alifanya hesabu ileile. Baridi kali ya Brazil ya mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, lakini bodi ya kahawa ya serikali ilimlipa kidogo mno, basi gunia likavushwa mpaka hadi Chepkube, upande wa Kenya, kijiji kilichogeuka soko. Mwaka huohuo wa 1975 ilitoka amri ya kuunda mahakama ya makosa ya kiuchumi, na mlanguzi aliweza kuhukumiwa kifo. Magendo hayakukoma. Wenye bunduki na malori nao walikuwamo.

Serikali iliwasaidiaje wasio na kazi?

Kuwasaidia? Iliwatungia amri. Ile ya makazi ya mashamba, ya 1975 pia, iliruhusu mtu yeyote mwenye nguvu asiye na ajira apelekwe kwenye shamba na kulazimishwa kufanya kazi huko. Akitoroka, faini au jela. Sera za serikali zimemtoa kazini, halafu sheria ya serikali hiyohiyo inamtia hatiani kwa kukosa kazi! Shirika la Kazi Duniani liliipinga kwa miaka mingi hata baada ya Amin kuangushwa Aprili 1979, maana ilibaki kwenye vitabu vya sheria.

Vyama vya wafanyakazi havikusema kitu?

Vilikuwapo, shirikisho lao, NOTU, liliundwa 1973. Lakini Septemba 1972 askari walikuwa wamemchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kutoka Mahakama Kuu kwenyewe, mchana, na hakurudi. Kibarua wa miwa angeanzisha mgomo akitegemea mahakama gani?

Ajira zilirudi?

Kwa mwendo wa pole. Sheria ya 1982 iliwafungulia wenye mali waliofukuzwa mlango wa kuzidai, na kina Madhvani wakarejea Kakira mwaka 1985, wakakuta mashamba yaliyoota pori na mitambo mibovu. Ilibidi waanze kwa kufyeka. Watumishi wa serikali, kwa upande wao, walikuwa wameshajifunza kutotegemea mshahara mmoja, na tabia hiyo serikali zilizofuata zilihangaika nayo kwa miaka mingi.