Baba wa Nyumba na Randi Tano

Tukitaja mashahidi wa dini, mara nyingi twawafikiri mapadre na watawa, au vijana kama wale wa Uganda. Juma hili twapenda tumkumbuke shahidi aliyekuwa baba mwenye mke, watoto, bustani ya mboga na kazi ya ualimu. Naye ni Mwenye Heri Benedict Daswa wa Afrika ya Kusini, aliyeuawa tarehe 2 Februari 1990 kwa kuwa alikataa kutoa mchango wa randi tano.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, nchi ya Wavenda, katika kabila la Walemba, ambao wana desturi nyingi zinazofanana na za Wayahudi. Alifundishwa dini na katekista, akabatizwa mwaka 1963. Baba yake alipofariki, mzigo wa kuwatunza nduguze ulimwangukia yeye aliye kifungua mimba, naye hakuutua.

Lakini tumtazame hasa nyumbani mwake. Alimwoa Eveline, akajenga nyumba ya matofali kwa mikono yake. Mahali pale mwanamume aliyeteka maji au kufua nepi za watoto alichekwa na wenzake. Daswa alizifanya kazi hizo bila kujificha, wala hakuona kwamba heshima yake ya ubaba imepungua. Jioni alisali pamoja na jamaa yake. (Baba anayewatuma watoto kusali huku yeye akibaki barazani hajasalisha jamaa, na baraza za namna hiyo tunazijua.)

Tangu mwaka 1979 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Nweli. Wanafunzi waliokosa karo aliwapa kazi katika bustani yake, wakajipatia fedha ya masomo. Alisaidia kulijenga kanisa la Nweli. Hata katika mpira imani yake ilionekana: timu aliyokuwamo ilipotaka dawa za mganga ili ishinde, alitoka, akaunda nyingine.

Sasa tuje kwenye radi. Mwezi wa Novemba 1989 mvua kubwa zilianza kunyesha katika sehemu zile pamoja na radi nyingi, na tarehe 25 Januari 1990 nyumba za nyasi ziliteketea. Jumapili iliyofuata wazee walikutana, wakakata shauri kwamba radi ile imetumwa na mtu. Kila mmoja atoe randi tano, mganga aliyepata sifa alipwe, apige ramli, amtaje mchawi. Daswa aliwaeleza kwamba radi ni nguvu ya maumbile, wala haitumwi na binadamu. Hawakukubali. Ndipo aliposema kwamba imani yake haimruhusu kutoa mchango huo.

Hapa twapaswa kukaa kidogo. Mwalimu mkuu mwenye motokaa hakushindwa na randi tano. Wakristo wengi wangalizitoa ili wakae kwa amani na majirani, kisha Jumamosi waende kuungama. Nasi wenyewe hatuthubutu kuapa kwamba tungalifanya vingine. Yeye aliona fedha ile inakwenda wapi. Ilikuwa fedha ya kununua jina la mtu, na mtu yule akishatajwa, angalifukuzwa au kuuawa. Sisi wa Tanzania hatuhitaji kuelezwa sana: katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yaliwiva kwa moshi wa mekoni miaka mingi.

Ijumaa tarehe 2 Februari Daswa alimpeleka shemeji yake na mtoto wake mgonjwa kwa daktari. Wakati wa kurudi alimpakia mtu mwenye mzigo wa unga, akamfikisha kwake. Usiku, akielekea nyumbani peke yake, alikuta njia imezibwa kwa magogo. Aliposhuka ayaondoe, kundi la watu lilimvamia kwa mawe. Alikimbia akiwa na majeraha, akajificha katika nyumba ya mama mmoja. Wakamtisha mama yule kwa kifo hata wakampata. Walimpiga rungu kichwani, wakammwagia maji ya moto. Watu walikamatwa, ila kesi ilikufa kwa kukosa ushahidi.

Katika mazishi yake mapadre walivaa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi. Tarehe 13 Septemba 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Tshitanini, wa kwanza kati ya wazaliwa wa Afrika ya Kusini. Kwa kuwa tarehe 2 Februari ni sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, kumbukumbu yake imewekwa siku moja kabla.

Eveline alibaki na watoto saba, na mimba. Mtoto wa nane alizaliwa miezi minne baada ya baba yake kuzikwa.